Uzi: Sura ya Kaisari kwenye dhahabu, na mtu aliyekusudiwa kuiona

Mpekuzi wa Kale (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu.

Wengi wetu tulikutana na sarafu ya Kirumi kwa mara ya kwanza ndani ya Injili, pale Yesu alipoulizwa habari za kodi, akataka aonyeshwe fedha, akaletewa dinari, naye akauliza sanamu ile na anwani ile ni za nani. Dinari ile ilikuwa ya fedha na uzi huu unamhusu ndugu yake mkubwa, yaani sarafu ya dhahabu iliyoitwa aureus, lakini nimeanza na kisa hicho kwa sababu swali lenyewe linafundisha namna ya kuitazama sarafu: kwanza sanamu, kisha anwani, yaani maandishi. Mimi naongeza jambo la tatu, na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Jambo hilo ni nafasi. Nani amewekwa mbele na nani nyuma, jina la nani limezungushwa kwenye kichwa cha nani, na nani alikuwepo juzi lakini leo hayupo. Anayezoea kusoma nafasi ataona kwamba picha za dhahabu ya Roma hazikuwa mapambo, na wala hazikusema na kila mtu. Zilisema na watu wachache ambao Kaisari aliwahitaji, na mara nyingine aliwaogopa.

Tuanze na kitu chenyewe. Aureus ni ndogo kuliko kifuniko cha chupa ya soda, upana wake ni kama milimita 20, na wakati wa Augustus, mtawala wa kwanza wa dola, ilikuwa na uzito wa karibu gramu 8 za dhahabu iliyo safi karibu kabisa. Niliwahi kusimama mbele ya kabati la kioo la makumbusho moja huko Ulaya nikizitazama kadhaa zimepangwa kwenye kitambaa, na lililonishangaza si mng'ao bali ni jinsi picha zilivyoinuka juu ya bapa la sarafu. Shavu la Kaisari limevimba kama shavu la mtu kweli, shingo ina mishipa, na masikio yana mikunjo. Sarafu zetu za leo ni bapa kwa sababu zinapaswa kupangika. Zile zilikuwa sanamu ndogo za kuchonga zinazobebwa mkononi.

Zilifuliwa kwa mkono. Fundi alichonga chapa mbili kwa kinyume, moja ikakazwa kwenye fuawe na nyingine ikashikwa juu, kibonge cha dhahabu kilichopimwa kikawekwa katikati, kisha nyundo ikashuka. Chapa ya chini ilikuwa ndiyo ya kichwa cha Kaisari, na kwa kuwa ilikuwa imekingwa ilidumu. Ya juu iliyobeba picha ya upande wa nyuma ilipokea kipigo chote, ikachakaa upesi na kubadilishwa mara kwa mara. Ndiyo maana tuna uso mmoja wa mtawala na picha nyingi za nyuma, kana kwamba uso ulikuwa salamu isiyobadilika na mgongo ulikuwa ujumbe wa siku.

Sasa thamani, maana hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Aureus moja ilibadilishwa kwa dinari 25 za fedha, au sestertii 100, sarafu za aloi ya shaba. Askari wa kawaida wa jeshi la miguu chini ya Augustus alilipwa dinari 225 kwa mwaka, yaani aurei (wingi wa aureus) 9, naye alizipokea kwa mafungu matatu. Suetonius, mwandishi wa kale wa maisha ya watawala, anaeleza kwamba mtawala wa baadaye, Domitianus, aliongeza fungu la nne la aurei tatu, na kwa hiyo tunajua kuwa mshahara wa jeshi ulihesabiwa kwa dhahabu. Muuza samaki wa Roma angeweza kuishi miaka bila kushika aureus, kwa sababu soko lake lilikuwa la shaba. Dhahabu ilipita mikononi mwa askari, maofisa, maseneta, wakopeshaji na wafanyabiashara wa mbali. Basi ukiona picha iliyowekwa kwenye dhahabu na haikuwekwa kwenye shaba, jiulize ni akina nani walikusudiwa kuiona.

Mfano wangu ninaoupenda kuliko yote ni wa Claudius. Mwezi Januari mwaka 41 BK, maofisa wa kikosi cha walinzi walimuua mtawala Caligula, na ikulu ikawa vurugu. Claudius, ami yake, ambaye familia ilimdharau kwa kigugumizi na mwendo wake wa kuchechemea, alijificha nyuma ya pazia. Askari mmoja aliiona miguu yake ikichungulia chini ya pazia, akamvuta nje, na Claudius akapiga magoti akidhani anauawa. Badala ya kuuawa alibebwa hadi kambi ya walinzi, na huko akatangazwa kuwa mtawala, wakati Baraza la Seneti lilikuwa bado linajadili kama jamhuri irudishwe. Akawaahidi walinzi sestertii 15,000 kila mmoja. Hesabu mwenyewe: ni aurei 150 kwa kila mtu.

Kisha angalia sarafu zake za mwanzo za dhahabu. Upande wa nyuma wa moja kuna ukuta wa kambi wenye lango na minara, ndani amesimama askari, na juu ya ukuta maandishi yanasomeka IMPER RECEPT, yaani mkuu amepokelewa. Nyingine inamwonyesha Claudius mwenyewe amevaa toga, akishikana mkono na askari mwenye ngao, na maandishi PRAETOR RECEPT, walinzi wamepokelewa. Wamepokeana, kwa lugha nyepesi. Ni hati ya makubaliano iliyochapwa kwenye dhahabu ileile iliyotumika kuyalipia. Na sasa geuka utazame shaba ya miaka hiyohiyo, iliyokuwa ikizunguka sokoni: huko utamkuta Minerva, mungu wa kike wa hekima, na mungu wa kike wa uhuru, Libertas. Kambi haipo. Raia alipewa uhuru wa kwenye picha, na mlinzi alipewa shukrani. Sijui kama kuna ukurasa wa mwanahistoria yeyote unaoeleza waziwazi namna hiyo aliyekuwa na mamlaka mwaka ule.

Nitaendelea na Nero na mama yake kwenye posti inayofuata.

Mpekuzi wa Kale

Claudius alikufa mwezi Oktoba mwaka 54, na karibu kila mtu aliamini kwamba mkewe Agrippina alimlisha uyoga wenye sumu. Nero, mtoto wa Agrippina kutoka ndoa ya awali, akawa mtawala akiwa na miaka 16.

Aureus ya mwaka huo ina vichwa viwili upande wa mbele, cha kijana na cha mama, vimeelekeana uso kwa uso kama watu wawili waliokaa mezani. Ukiishia kwenye sanamu utasema wako sawa. Lakini soma anwani: maandishi yanayozunguka vichwa hivyo ni ya Agrippina, Augusta, mke wa Claudius aliyefanywa mungu, mama wa Nero Kaisari. Jina na vyeo vya mtawala mwenyewe vimepelekwa upande wa nyuma, kuzunguka taji la majani ya mwaloni. Yaani kwenye sarafu ya dola, mtawala ametambulishwa mbele kama mtoto wa mtu.

Mwaka uliofuata, 55, chapa zikabadilishwa. Vichwa bado ni viwili, lakini sasa vinatazama upande mmoja, kimoja juu ya kingine, na kilicho mbele ni cha Nero. Cha Agrippina kimebaki ukingo tu wa paji la uso, pua na kidevu ukijitokeza nyuma ya mwanawe. Anwani ya mbele ni ya Nero. Ya mama imehamishiwa nyuma, pamoja na gari la ushindi linalovutwa na tembo wanne. Baada ya hapo Agrippina anatoweka kabisa kwenye dhahabu ya Roma, na mwaka 59 Nero akaamuru auawe.

Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anasimulia kisa kinacholingana na hizo chapa. Wajumbe kutoka Armenia walikuwa mbele ya Nero wakitoa hoja zao, Agrippina akaingia akielekea kupanda jukwaani akae pamoja na mtawala, watu wote wakaganda kwa hofu, na Seneca, mwalimu wa Nero, akamnong'oneza kijana ashuke akampokee mama yake. Kwa hiyo aibu ikazuiwa kwa kisingizio cha adabu. Chapa ya mwaka 55 imefanya jambo lilelile: haikumfukuza mama, ilimsogeza tu.

Mvuvi wa Habari

Mkuu, shukrani kwa darasa. Nina swali la mchokozi kidogo. Una uhakika gani kwamba Kaisari mwenyewe alihusika na picha hizi? Mtawala wa dola kubwa kiasi kile hakai na wachongaji kuamua tembo wawe wanne au wawili. Huenda ni makarani wa kiwanda cha sarafu waliokuwa wakijipendekeza.

Mpekuzi wa Kale

Ndugu Mvuvi, swali lako ni zuri na limewagawa wanazuoni kwa muda mrefu. Chini ya jamhuri na mwanzoni mwa utawala wa Augustus kulikuwa na vijana watatu wa familia za maseneta waliosimamia ufuaji wa sarafu, na baadaye kazi ikashikwa na maofisa wa hazina ya mtawala. Ninakubali kwamba picha nyingi zilipendekezwa na watu wa chini. Hata hivyo Suetonius anaandika kwamba Augustus alitoa sarafu ya fedha yenye alama ya nyota ya Mbuzi, aliyozaliwa nayo, na kwamba Nero alitoa sarafu zinazomwonyesha amevaa kama mpiga kinubi. Watu wa kale wenyewe, basi, waliamini kwamba mtawala ndiye anayesema kupitia sarafu yake.

Nikubali hata kwamba ni karani. Karani anayejipendekeza ni shahidi mzuri kuliko mtawala mwenyewe, kwa sababu kazi yake yote ni kujua bosi anataka kusikia nini mwaka huu. Aliyemsogeza Agrippina nyuma alikuwa amenusa upepo wa ikulu.

Binti Pangani

Naomba kurudishwa nyuma kidogo. Je, kuweka uso wa mtu aliye hai kwenye sarafu kulianza lini? Nilisoma mahali kwamba Warumi waliona jambo hilo ni la kifalme na hawakulitaka.

Mpekuzi wa Kale

Dada Binti Pangani, ulisoma sawa. Kwa karne nyingi sarafu za Roma zilibeba miungu, mababu waliokwisha kufa, meli na magari ya farasi. Wafalme wa Kigiriki wa mashariki ndio waliojiweka kwenye sarafu, na Mrumi alijivunia kutokuwa na mfalme. Aliyefua dhahabu kwa wingi kwanza ni Julius Caesar, mwaka 46 KK, kwa vibonge 40 kutoka ratili moja ya Kirumi, lakini hata yeye hakuweka uso wake kwenye dhahabu hiyo. Uso wake ulitokea kwenye dinari za fedha mwanzoni mwa mwaka 44 KK, wiki chache tu kabla ya kuuawa tarehe 15 Machi. Sidai kwamba aliuawa kwa ajili ya dinari, ila ilikuwa sehemu ya shtaka.

Halafu sikiliza hili. Brutus, kiongozi wa wauaji waliosema wanaokoa jamhuri isigeuzwe ufalme, alikimbilia mashariki akakusanya jeshi, na mwaka 42 KK akafua sarafu za kulipa askari wake. Upande wa nyuma zina majambia mawili, na katikati yake kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, na chini maandishi EID MAR, yaani siku ya 15 ya Machi. Ni mauaji yaliyotangazwa kama ukombozi. Na upande wa mbele? Ni uso wa Brutus mwenyewe, akiwa hai. Mwanahistoria Cassius Dio, aliyeandika zaidi ya miaka 250 baadaye, bado aliitaja sarafu hii. Nyingi ni za fedha. Za dhahabu zinazojulikana ni tatu tu.

Kuanzia Augustus uso wa mtawala haukuondoka tena, ila kila mmoja aliutumia kwa namna yake. Augustus alikufa mwaka 14 BK akiwa na miaka 75, na kwenye sarafu yake ya mwisho bado ni kijana mwenye shavu laini, kwa sababu uso ule haukuwa taarifa ya mtu bali ya utulivu usiochakaa. Ile dhahabu yake yenye mamba mmoja na maneno AEGVPT CAPTA, Misri imetekwa, nayo inasema mengi kwa kifupi: ufalme wa Cleopatra wenye maelfu ya miaka umepunguzwa ukawa mnyama mmoja wa mtoni. Nero kinyume chake aliacha chapa zimfuate jinsi alivyonenepa, mwaka kwa mwaka, hadi shingo ikapotea. Vespasianus, jenerali aliyeshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 69, alionyeshwa ana upara, makunyanzi na kidevu cha mkulima, na nadhani alijua anachofanya. Baada ya Nero, askari hakuhitaji kijana mzuri.

Msafiri wa Lamu

Hili la uso wa mtu aliye hai linanigusa kama Mkenya. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 231, imekataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, na ndiyo maana sarafu mpya zilizozinduliwa mwishoni mwa 2018 zina twiga, kifaru, simba na tembo. Naona tumerudi kwa Warumi wa jamhuri.

Swali langu ni kuhusu pwani yetu. Je, dhahabu hii ilifika Rhapta, ile bandari yetu ya kale?

Mpekuzi wa Kale

Mkuu Msafiri, mfano wako wa katiba ni mzuri sana, na Brutus angeupigia makofi kabla ya kujiweka yeye kwenye sarafu.

Kuhusu Rhapta, tunacho kitabu cha mwongozo wa wafanyabiashara kiitwacho Periplus cha Bahari ya Erythraea, kilichoandikwa kwa Kigiriki na mtu wa Misri ya Kirumi katikati ya karne ya kwanza. Mwandishi anaorodhesha bidhaa bandari kwa bandari, naye anataja sarafu pale zinapohitajika. Kwa Adulis, kwenye pwani ya Eritrea ya leo, anasema zipelekwe dinari chache kwa ajili ya wageni wanaoishi pale. Kwa bandari za India anataja sarafu za fedha na dhahabu huko Barygaza, na sarafu kwa wingi huko Muziris. Kwa Azania, yaani pwani yetu hadi Rhapta, orodha yake ina mikuki iliyotengenezwa maalumu huko Muza, bandari ya Yemen ya leo, mashoka madogo, visu, misumari ya kutobolea na vyombo vya kioo, na mahali pengine mvinyo na ngano za kuwakirimu wenyeji wapate urafiki. Sarafu hazimo. Wazee wetu waliuza pembe za ndovu na magamba ya kasa kwa chuma, na kwa hali ya wakati ule shoka lilikuwa na kazi kuliko uso wa Kaisari.

Dhahabu ilikwenda India, na kwa wingi uliowaudhi Warumi wenyewe. Mwandishi wa Kirumi Plinius Mkubwa alilalamika kwamba India, China na Arabuni huinyonya dola sestertii milioni 100 kila mwaka, ambazo ni sawa na aurei milioni moja, na akaongeza kwa kejeli kwamba hiyo ndiyo gharama ya anasa na ya wanawake wetu. Mwaka 1898 huko Pudukkottai, kusini mwa India, kilifukuliwa chungu chenye aurei takriban 500, na nyingi kati yake zilikuwa zimepigwa patasi kukatisha uso wa Kaisari. Mstari umepita kwenye shavu au shingo, umenyooka, umekusudiwa. Maelezo ninayoyaona ya busara zaidi ni kwamba zilikatwa ili zisihesabiwe tena kama sarafu bali zipimwe kama dhahabu tu. Ule uso uliochongwa kwa ustadi mkubwa Roma, mfanyabiashara wa Tamil aliuona ni kipingamizi cha mizani.

Huku Afrika, waliopokea mfano wa Roma na kuugeuza wao ni Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia na Eritrea ya leo. Kuanzia mfalme Endubis, mwishoni mwa karne ya 3, walifua dhahabu yao wenyewe kwa maandishi ya Kigiriki, kwa uzito unaokaribia nusu ya aureus, na hapa nafasi inazungumza tena: mfalme wa Aksum alijiweka pande zote mbili. Hakuwa na mungu wala kambi ya askari upande wa nyuma, bali yeye, na yeye tena, akizungukwa na masuke ya ngano au shayiri kwenye sarafu zilizofuata. Juu ya kichwa kulikuwa na mwezi mchanga na duara. Mfalme Ezana alipoingia Ukristo katika karne ya 4, mwezi ukatolewa, msalaba ukawekwa.

Mtafuta Mali

Wakuu, nina ndugu yangu amepata sarafu ya dhahabu yenye kichwa cha Mrumi, anasema imetoka kwa mzee mmoja. Inaweza kuuzwa kwa shilingi ngapi?

Mpekuzi wa Kale

Ndugu yangu, sithamini sarafu kwa maelezo ya mdomo, na kwa heshima nakushauri msikimbilie bei. Pimeni uzito kwanza kwa mizani ya sonara, maana aureus ina kiwango chake kwa kila zama: karibu gramu 8 kwa Augustus, gramu 7.3 baada ya Nero kupunguza mwaka 64, gramu 6.5 baada ya mtawala Caracalla kupunguza tena mwaka 215. Tazameni ukingo kwa lenzi. Ikiwa una mstari wa mshono unaozunguka, imemiminwa kwenye kalibu na haikufuliwa kwa nyundo. Sarafu nyingi za watalii ziko hivyo.

Na hata ikiwa ya kweli, asili yake lazima ijulikane. Mojawapo ya zile aurei tatu za Brutus iliuzwa kwa mnada London mwezi Oktoba 2020 kwa pauni milioni 3.24, bei ambayo haikuwahi kulipwa kwa sarafu ya Kirumi. Baadaye iligundulika kwamba hati za asili yake zilikuwa za kughushi, na mwaka 2023 mamlaka za Marekani zikairudisha Ugiriki. 

Binti Pangani

Mkuu, umeahidi nafasi lakini hujagusa familia ya mtawala Severus. Huyo alikuwa Mwafrika, au sivyo?

Mpekuzi wa Kale

Kweli, nilijisahau. Septimius Severus alizaliwa mwaka 145 huko Leptis Magna, Libya ya leo, na akashika dola mwaka 193 kwa nguvu ya jeshi. Tahadhari moja, kwa kuwa nimeona watu wakiichanganya: neno AFRICA linapotokea kwenye sarafu, kama ile dhahabu ya mtawala Hadrianus yenye mwanamke aliyejilaza akiwa amevaa ngozi ya kichwa cha tembo na ameshika nge, linamaanisha jimbo la Kirumi la upande wa Tunisia na jirani zake, si bara zima.

Aureus ya Severus niliyotaka kuitaja ni ya mwaka 201 au karibu na hapo. Mbele ni yeye. Nyuma kuna vichwa vitatu kwenye duara lile dogo la milimita 20: katikati mkewe Julia Domna, mwanamke wa Emesa huko Syria, anatazama mbele moja kwa moja kwetu, jambo lililo adimu sana kwenye sarafu za Kirumi za wakati huo, na pande zake mbili wana wawili, Caracalla na Geta, wameelekeana. Maandishi ni FELICITAS SAECVLI, heri ya zama. Ujumbe kwa jeshi ulikuwa wazi: msiwe na wasiwasi na urithi, wapo wawili, na mama yupo katikati yao.

Severus alikufa mwezi Februari 211. Mwezi Desemba mwaka huohuo Caracalla aliwatuma maofisa wakamuua Geta, naye Geta alikufa akiwa amekumbatiwa na mama yake. Jina lake likafutwa kwa patasi kwenye mawe ya dola nzima, pamoja na lile tao kubwa la baba yao mjini Roma, ambako mpaka leo unaona mstari ulioandikwa upya juu ya mashimo ya herufi za zamani. Dhahabu lakini ilikuwa imekwisha kusambaa mifukoni na ardhini. Ndiyo maana mama bado anatutazama akiwa kati ya wanawe wawili.

Karne ya 3 iliyofuata naipita haraka. Watawala walipokezana upesi, uzito wa aureus ukayumba, na chini ya Diocletianus, aliyegawana utawala na wenzake watatu, nyuso za watawala wanne zikafanana kiasi kwamba bila anwani huwezi kumjua huyu na yule, shingo nene na ndevu fupi kama ndugu wa tumbo moja. Ilikuwa makusudi. Kisha mtawala Constantinus akaja na sarafu nyepesi, solidus, 72 kwa ratili, yapata mwaka 310, na hiyo ikadumu Konstantinopoli kwa zaidi ya miaka 700. Kwenye baadhi ya sarafu zake za baadaye kichwa kimeinuliwa na macho yanatazama juu. Eusebius, askofu aliyemfahamu, aliandika kwamba alionyeshwa hivyo kama mtu anayemwomba Mungu. Watu wa mashariki waliokumbuka sarafu za Alexander Mkuu wangeweza kusoma vingine, yaani mtawala anayejifananisha naye.

Mvuvi wa Habari

Basi tumalizie na dinari yenyewe. Neno hili lilifikaje kwa Waarabu na kwetu, wakati ile ya Roma ilikuwa ya fedha na hii ni ya dhahabu?

Mpekuzi wa Kale

Jina kamili la aureus lilikuwa denarius aureus, yaani dinari ya dhahabu. Mashariki jina la kwanza likashika, na likaihamia solidus. Waislamu walipoziteka Syria na Misri walizikuta solidi zikizunguka na wakaendelea kuzitumia.

Na hapo ndipo yanatokea mabadiliko mawili ya nafasi, karibu wakati mmoja, ambayo kwangu ni makubwa kuliko yote niliyoyataja. Justinianus wa Pili, aliyeanza kutawala Konstantinopoli mwaka 685, aliweka uso wa Kristo upande wa mbele wa solidus na kumwita mfalme wa wanaotawala. Yeye mwenyewe akahamia nyuma, amesimama na msalaba, na anwani yake ikawa SERVVS CHRISTI, mtumwa wa Kristo. Baada ya karne saba za kushikilia upande wa kichwa, Kaisari akauachia.

Khalifa Abd al-Malik wa Damascus kwanza alijaribu dinari yenye khalifa aliyesimama na upanga. Kisha, mwaka 77 Hijria, sawa na 696 au 697, akaondoa picha zote. Dinari ikawa maneno matupu pande zote mbili, shahada na aya, kwa gramu 4.25 za dhahabu, na hata jina la khalifa halimo.

Sarafu za Kilwa ni wajukuu wa uamuzi huo. Nyingi ni za shaba, za dhahabu ni chache mno, na hakuna hata moja yenye uso wa sultani. Upande mmoja unasoma jina lake, kwa mfano Ali bin al-Hasan, na upande wa pili kwamba anamtegemea Mola mwenye fadhila, al-minan. Jina na sifa zimepangwa zioane kwa kina, Hasan na minan, kwa hiyo ili usome shairi zima unalazimika kuigeuza sarafu.